Kuliteka Jua

Siku tatu tulitafuta nyoka tukapata vitu vingine:
kandambili moja ya mtoto, ufunguo, kiota cha kwale,
na matope ya Ahero, haya meusi, yanayokushika mguu
kama mtu anayekudai.

Mimi na Obura, mlinzi wa malango ya mfereji,
umri wa mdogo wangu wa mwisho,
ambaye hatamki "nyoka" kabla jua halijakaza.
Husema "mwenyeji".
Mwenyeji hajapita hapa. Mwenyeji jana alilala kule.
Mimi nina daftari, futi ya fundi cherehani,
kalamu inayovuja.
Yeye ana fimbo ambayo sijaona akiitumia.

Siku ya pili tulimkuta Mama Nereah kwenye tuta
akihesabu mbuzi kwa kidole, mara mbili, mara tatu,
kana kwamba yule mwanambuzi
angechoka kujificha, akajitokeza.
"Mkimpata mniite. Sitaki kumwona.
Kuna neno tu nataka kumwambia."

Siku ya tatu, gamba.
Limenaswa kwenye miiba ya mgunga,
linapumua na upepo, jepesi kuliko risiti.
Tukalinyoosha kando ya mpunga: mita nne na shubiri,
na ncha ya mkia haipo.
Pale kichwani, vioo viwili vidogo,
maana hana kope; akijivua, huvua hata dirisha.
Obura akachungulia kupitia kimoja,
akaitazama barabara ya Kisumu.
"Kumbe hivi ndivyo anavyotuona."
Wadogo?
"La. Wenye haraka."

Nilidhani kumwona kutakuja kama radi.
Asubuhi ya nne nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya buti,
mbele yangu kichuguu, tundu la muhanga,
majani makavu, kivuli, majani makavu tena,
na majani yakavuta pumzi.

Mkunjo mmoja. Halafu wa chini yake. Halafu
ule ambao tangu jana nilikuwa nauita mzizi.
Kahawa iliyomwagika juu ya mchanga,
mabaka yamepakana kama mashamba ya ndugu waliogombana.
Kichwa kimewekwa juu ya yote,
kama mtu aliyemaliza kufua.
Ulimi ukatoka, ukatuonja, ukarudi ndani na habari.

Obura hakusema mwenyeji. Hakusema kitu.

Tulikaa hatua kumi na mbili kutoka kwake,
siafu wakipanda suruali, nami siwapukuti.
Akajianika mpaka nikaona nyasi zitaungua.
Kisha akajimimina kurudi shimoni,
shingo imeshaingia usiku, mkia bado uko mchana,
na kabla giza halijamfunika nikayaona:
meupe, yamegandana, makubwa kama viazi vya Krismasi.

Hana damu ya moto. Hana bawa la kufunika wala ziwa.
Basi hutoka kuliteka jua
kama tutekavyo maji mtoni,
hulibeba kwa ngozi, hulimwaga gizani,
hutoka tena.
Mtungi na mchotaji ni yule yule.

Daftarini niliandika: Jike. Mita nne u nusu, kwa macho.
Mayai: sikuhesabu.
Mahali:

Kalamu ikavuja hapo, nikaiacha ivuje.

Mama Nereah alikuwa akitusubiri kwenye daraja.
"Mmeziona nyayo zake?"
"Nyoka hana nyayo," nikasema,
ukweli wa ile aina inayoona haya.
Akanitazama buti. Akanitazama uso.
"Ana watoto?"

Obura akaenda kufungua lango, na saa yake ilikuwa bado;
maji yakaingia mpungani kwa kelele nyingi.
Mama akahesabu mbuzi wake upya,
akawageuza,
akawapeleka kuchunga ng'ambo.